Nepi Zilizokataa Maji

Kalisi alikuwa karibu kutimiza mwaka mmoja, na baba yake, Manase, hakuwa na wimbo mwingine. Akikutana na mtu njiani, anamwambia. Akienda dukani kununua chumvi, anamwambia muuza duka. Akiwa peke yake shambani kwenye magimbi, basi anajiambia mwenyewe. Mtoto wa kwanza, tena wa kike, tena mwenye mashavu yale. Nani angenyamaza?

Kijijini kwao, katika kisiwa cha Foa, nchini Tonga kwenye bahari ya Pasifiki, mwaka wa kwanza wa mtoto si jambo la mchezo. Nguruwe huokwa, viazi vikuu huchimbwa, na wageni huja mpaka kutoka visiwa vingine. Mtoto mwenyewe hupakwa mafuta ya nazi mpaka anang'aa, kisha hukalishwa juu ya ngatu, kitambaa kipana cha magome ya mti, mbele ya watu wote. Baadaye ngatu hiyo hupewa shangazi yake, yaani dada wa baba. Siku hiyo hakuna mwenye heshima kumshinda shangazi. Baba mtu hukaa pembeni na kutumwa maji.

Ngatu ya Kalisi ilikuwa ikitengenezwa na mama yake, Hingano, pamoja na wenzake wa kikundi. Kila asubuhi wanawake hao walikusanyika ukumbini kwao. Waligonga magome ya mti kwa nyundo za mbao mpaka yakawa membamba na laini. Waliyabandika pamoja kwa gundi ya muhogo. Kisha waliyachora kwa rangi ya kahawia na nyeusi. Kijiji kizima kilisikia: ko, ko, ko. Hiyo ilikuwa ngatu ya kwanza ya Hingano, na aliionea fahari kweli kweli.

Lakini ngatu ina adui mmoja, naye ni maji. Ikilowa, gundi inaachia, magome yanabanduka, rangi inachuruzika. Kazi ya miezi inaharibiwa na kikombe kimoja cha maji. Au inaharibiwa na mtoto mmoja aliyekojoa.

Na Kalisi alikuwa anavuja.

Kwa kuwa Hingano alishinda ukumbini, Manase ndiye aliyebaki na mtoto. Wanaume wenzake walimtania, wakamwita yaya. Yeye alicheka tu, maana kazi hiyo aliipenda. Pampasi zilikuwa zimekwisha dukani na meli ilichelewa, kwa hiyo walitumia nepi za kitambaa. Zilikuwa nepi nzuri, nyeupe, nzito, za pamba tupu.

Manase alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anamwogesha mtoto. Kisha anachukua chupa ya mafuta ya nazi na kumpaka kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Makalioni anaongeza, kwa sababu mtoto alikuwa mwekundu pale, ana vipele. Halafu, kwa mikono hiyo hiyo inayochuruzika mafuta, anashika nepi na kumfunga.

Haikupita muda, mkeka ulikuwa umelowa.

Akaona labda nepi moja haitoshi, akafunga mbili. Mkojo ukapita pembeni. Akakata mfuko wa plastiki, akaufunga juu ya nepi. Hapo mkeka ulipona, lakini mtoto alipikika huko ndani kama chakula. Vipele vikazidi. Vilipozidi, Manase akaongeza mafuta. Alipoongeza mafuta, mtoto akavuja zaidi. Maskini baba wa watu, alikuwa anajitahidi kurudi nyuma.

Jumapili moja mambo yaliharibika hadharani. Mke wa mchungaji alimpakata Kalisi kanisani, akiwa amevaa nguo yake nyeupe ya ibada. Alipoinuka kuimba, kila mtu alijua kilichotokea. Hingano alitamani ardhi ipasuke. Walipofika nyumbani, hakugusa chakula mpaka kikapoa.

"Mume wangu," alisema mwishowe, "nimefikiri sana. Wiki ijayo tusimkalishe Kalisi kwenye ngatu."

Manase alidhani hakusikia vizuri. Akauliza, si ndiyo siku yake? Hingano akasema anajua. Lakini je, ile ngatu ikilowa mbele ya wifi yake, atauweka wapi uso wake? Manase akapendekeza watandike taulo juu ya ngatu. Hilo pia lilikuwa gumu. Ukimtandikia mtoto taulo, ni kama unasema ngatu ya shangazi haifai kukaliwa. Basi wakakubaliana hivi: kama Kalisi ataendelea kuvuja, ngatu itakunjwa na kutolewa hivyo hivyo, na mtoto atakaa kando, mapajani mwa mtu. Manase alikubali kwa mdomo. Moyoni aliumia. Mwaka mzima alikuwa akimwona binti yake kwenye ngatu ile kila akifumba macho.

Kesho yake asubuhi Kalisi alikuwa analia wakati wa kubadilishwa, kilio cha maumivu. Seini, jirani yao, alikisikia. Seini alikuwa nesi wa zahanati ya kisiwa, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kupiga hodi kwa sauti ndogo. Alivuka ua na kuketi.

"Baba Kalisi, nioneshe unavyofanya. Sitasema neno."

Manase akamwonesha. Alimpaka mtoto mafuta kwa mapenzi yote, akashika nepi, akafunga. Alimaliza na kumtazama Seini kama mwanafunzi anayengoja kusifiwa. Seini hakusema neno, kama alivyoahidi. Aliinuka, akaenda kwenye kamba, akaanua nepi moja iliyokauka. Aliitandaza mapajani, akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone.

Tone halikuingia. Lilisimama juu ya kitambaa, duara, linameremeta. Seini aliinamisha nepi kidogo, tone likabingirika na kuanguka chini.

Manase alikodoa macho. Akachovya vidole na yeye, akadondosha jingine. Nalo likabingirika. "Kama kwenye jani la gimbi," alisema.

"Sawasawa kabisa. Gimbi halinywi maji, na nepi zako hazinywi maji. Zimeshiba mafuta. Mkojo ukija, nepi inaukataa, unapita pembeni. Hata ufunge nepi kumi."

"Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe."

"Mchawi ni chupa. Wewe ulikuwa mikono yake tu."

Manase hakuudhika. Kinyume chake, alishikwa na furaha ya ajabu. Kumbe mtoto wake hakuwa na kasoro. Kumbe nepi hazikuwa mbovu. Jambo lenyewe lilikuwa na sababu, na sababu inaweza kuondolewa. Akauliza afanye nini, sasa hivi, leo leo, kabla jua halijapanda.

Seini akamwambia awashe moto. Walichemsha maji kwenye sufuria kubwa, wakatia sabuni, wakatumbukiza nepi zote na kuzikoroga kwa mti. Punde juu ya maji ukatanda utando wa mafuta. Manase aliutazama na kutikisa kichwa. Alisema mafuta yale yangetosha kukaanga samaki. Walimwaga, wakarudia, mpaka maji yakawa safi. Kisha wakasuuza na kusuuza hadi povu likaisha, kwa sababu sabuni ikibaki kwenye nepi nayo humwasha mtoto. Wakazianika juani. Seini alisema jua ni dawa ya bure. Linakausha, linaua vijidudu, na linang'arisha.

Zilipokauka, Manase alianua moja. Akadondosha tone. Tone lilizama papo hapo, kama halikuwahi kuwapo. Akamwagia kikombe kizima. Nepi ikakinywa chote.

Hakungoja. Alimpakata Kalisi mkono mmoja, mkono mwingine akashika nepi iliyolowa, akakimbia mpaka ukumbini. Nyundo zilinyamaza. Wanawake walimwona mwanaume mzima amesimama mlangoni anahema, anapunga nepi kama bendera. Mmoja akauliza kama vita vimeisha. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hingano alitaka kuona haya, lakini uso wa mumewe ulimshinda. Haraka akamsogeza mbali na ngatu, maana nepi ilikuwa inadondosha maji, kisha akaomba amweleze taratibu.

Jioni hiyo Seini alirudi. Alitaka wote wawili waone namna ya kumbadilisha mtoto, kwa sababu nepi safi peke yake haitoshi.

Alianza kwa kunawa mikono. Akaweka kila kitu karibu: nepi, pini, maji, kitambaa laini. Alimlaza Kalisi chini kwenye mkeka. Alisema juu ya meza mtoto hugeuka mara moja na kuanguka, hata ukigeuza shingo tu. Akafungua pini, akazifunga tena na kuziweka mbali. Akamsafisha kutoka mbele kwenda nyuma.

"Kwa nini usianzie nyuma?" Hingano aliuliza.

"Kwa sababu uchafu wa nyuma ukija mbele, mtoto wa kike anaugua kwenye njia ya mkojo. Daima mbele kwenda nyuma. Kisha mfute awe mkavu, mpaka kwenye mikunjo ya mapaja."

Baada ya hapo hakufunga nepi. Alimwacha Kalisi wazi, apigwe na hewa. Alieleza kwamba vipele vinapenda unyevu na joto, na vinachukia hewa. Kalisi aliinua miguu yake juu, akaishika vidole na kucheka. Zilikuwa siku nyingi hajacheka wakati wa kubadilishwa.

Manase akauliza kwa unyonge kama basi mafuta ya nazi ni mabaya. Bibi yake alimpaka yeye, na mama wa bibi alimpaka bibi.

"Mafuta ni mazuri," Seini alimjibu. "Mpake kichwa, mikono, miguu, ang'ae. Lakini hapa panapofungwa nepi paache. Na ukimaliza kupaka, nawa kwa sabuni kabla hujagusa nepi. Vipele visipopungua baada ya siku mbili tatu, au mkiona vidonda, mleteni kwangu zahanati."

Kisha akaikunja nepi pembe tatu. Upande mrefu aliuweka chini ya kiuno. Katikati aliongeza mkunjo mmoja, kwa sababu mtoto wa kike hulowesha zaidi hapo. Akapandisha ncha ya chini kati ya miguu, akakutanisha pembe za pembeni. Alipochoma pini, aliingiza vidole vyake ndani, kati ya kitambaa na ngozi.

"Pini ikikosea, inichome mimi, si yeye. Na usikaze mno. Vidole viwili vipite."

Alimaliza kwa kusema wasingoje mtoto alie. Nepi ikilowa, ibadilishwe. Choo kimwagwe chooni kwanza, ndipo nepi ilowekwe kwenye ndoo, na ndoo iwe na mfuniko unaobana, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama humo. Mfuko wa plastiki aliuchukua mwenyewe, akauweka mfukoni mwake na kuondoka nao.

Manase alishika mafunzo hayo kwa bidii ya mtu aliyeokoka. Alinawa, akafuta, akakunja. Pini ya kwanza ilimchoma yeye, akafurahi, akasema afadhali. Siku baada ya siku wekundu ulififia. Mkeka ulibaki mkavu. Hingano alimtazama mtoto, akaitazama ngatu iliyokuwa inakaribia kumalizika, kisha akasema neno alilokuwa Manase akilingoja.

"Atakaa."

Meli ilikuja, na Lavinia akashuka. Huyo ndiye shangazi. Aliishi Nuku'alofa, mji mkuu, alikuwa mkubwa kuliko Manase, na alitembea kama mtu anayejua kwamba sherehe haianzi bila yeye. Ndiye aliyempa Kalisi jina. Mkononi alishika chupa kubwa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, ambayo aliyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo.

Asubuhi ya sherehe alimchukua mtoto, akaketi naye barazani, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayempaka na kumvika. Mwili mzima, alisema. Watu wa Foa waone mtoto anavyong'aa.

Manase alikuwa anapita na tita la majani ya magimbi ya kupikia. Miguu ilimganda. Nepi safi ilikuwa palepale, karibu na goti la dada yake. Mikono ya dada ilikuwa tayari inameta mafuta.

Sasa mwelewe mtu huyu. Kwao, kaka hatamki mbele ya dada yake mambo ya mkojo, choo, wala makalio. Ni mwiko. Tangu utoto wao, Manase na Lavinia waliheshimiana hivyo. Hata mbwa akichafua uani, mmoja wao hugeuka na kuondoka. Na juu ya hayo, shangazi akisema, nani wa kumpinga siku yake? Hingano alikuwa ukumbini anatandaza ngatu. Seini alikuwa hajafika. Manase aliona kila kitu kinaelekea kuharibika mbele ya macho yake, na mdomo wake umefungwa.

Akachota kikombe cha maji. Akaketi chini, mbali kidogo, kwa heshima, macho yakiwa chini. Alitandaza jani moja la gimbi. Akalimwagia maji, yakabingirika yote. Akavuta nepi safi, akaidondoshea maji, yakazama. Kisha akachovya kidole kwenye mafuta ya dada yake, akasugua pembe moja ya nepi ile ile, akadondosha tone. Tone likasimama, duara, likateleza na kuanguka kwenye jani.

Alibaki ametazama jani, jasho linamtoka.

Lavinia alitazama jani, akatazama nepi, akatazama mikono yake. Habari za nguo ya mke wa mchungaji zilikuwa zimeshamfikia, maana habari za Foa hazihitaji meli.

"Manase," alisema. "Niletee maji ya kunawa. Na sabuni. Na nepi nyingine."

Manase nusura aruke. Alileta vyote, akakunja nepi pembe tatu, akaiweka karibu na dada yake bila kumtazama, akaondoka haraka. Nyuma yake alimsikia dada akimwambia mtoto kwamba baba yake ni mwendawazimu, na sauti yenyewe ilikuwa ya kicheko.

Ukumbi ulijaa. Ngatu ilitandazwa katikati, kubwa, na michoro yake ya kahawia ilikolea. Kalisi alikalishwa juu yake, ana shada la maua shingoni, mikono na miguu inang'aa. Watu waliguna kwa kupendezwa. Hingano alikaa mgongo wima, hapumui. Mchungaji alianza kuomba, na mchungaji yule akianza kuomba, huombea mpaka samaki wa baharini. Zikafuata hotuba.

Katikati ya hotuba, Kalisi aliacha kuchezea maua. Alitulia. Akatazama mbali, mdomo wazi kidogo.

Manase aliujua uso ule. Moyo wake ulipiga kama nyundo za ukumbini. Alimtazama mkewe, na mkewe naye alikuwa ameuona.

Lavinia pia aliona. Alikuwa amekaa mahali pa heshima, karibu kabisa na mtoto. Aliinuka, na mzungumzaji akanyamaza, maana shangazi amesimama. Alimnyanyua Kalisi na kumpima mkononi. Nepi ilikuwa nzito. Kisha akainama, akaweka kiganja chake juu ya ngatu, pale mtoto alipokuwa amekaa. Akakipitisha polepole, huku na huku. Akakiinua na kukitazama.

"Kavu," alisema.

Hingano alitoa pumzi yake yote kwa mara moja, na machozi yakaja nayo. Wageni walitazamana, hawajui kuna nini. Seini, mlangoni, aliziba mdomo kwa mkono.

Lavinia akageuka kule pembeni, alikokaa kaka yake. "Manase. Mtoto amekojoa. Njoo umbadilishe."

Neno lile, dada kwa kaka, mbele ya kijiji kizima. Halafu mzee mmoja akaanza kucheka, na ukumbi wote ukafuata. Manase alijitokeza huku uso unamwaka moto. Alinawa mikono. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, mbali na ngatu. Akamfuta kutoka mbele kwenda nyuma, akakunja pembe tatu, akaingiza vidole vyake nyuma ya pini. Wale waliomwita yaya walikuwa wamenyoosha shingo.

"Tazameni vizuri," Lavinia aliwaambia. "Ninyi pia mna watoto."

Ngatu ikakunjwa, akakabidhiwa. Haikuwa na doa. Aliishika kwa mikono miwili, akamwambia Hingano kwamba ataitandaza kwake, mahali ambapo kila mgeni ataiona.

Siku ya kuondoka, Manase alimsindikiza dada yake gatini. Siku hizi akina mama wa Foa wamezoea kudondosha tone la maji juu ya nepi kabla ya kumfunga mtoto, lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile walikuwa kaka na dada tu, wamesimama mbalimbali kidogo, kila mmoja anatazama bahari. Meli ilipopiga honi, Lavinia alipanda ngazi, akasimama, akageuka.

"Jana usiku, yule mtoto," aliuliza, akitafuta neno. "Alilala mkavu?"

Manase, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema kitu kama hicho mbele ya dada yake, alijibu kwa sauti iliyosikika gati zima.

"Mkavu kabisa, dada. Mpaka asubuhi."